Kutoka Uhuru hadi IXPE: Ukanda wa Ikweta, Jeti za Mashimo Meusi na Nuru Iliyopolarishwa

Ukanda wa latitudo moja

Wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera, ziko kati ya nyuzi mbili na tatu na kitu za latitudo kusini mwa ikweta, na mtu akiufuata ukanda huo kuelekea mashariki, akavuka ghuba za kusini mwa Ziwa Viktoria, Serengeti, Amboseli na nyika za Tsavo, hufika baharini karibu na kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mwendo wa takriban kilomita elfu moja. Juu ya ukanda huu ndiko ilikopita sehemu kubwa ya historia ya kuyajua mashimo meusi, ingawa vitabu vingi huisimulia kana kwamba ilianzia na kuishia Marekani na Ulaya.

Shimo jeusi la aina inayozungumziwa hapa ni masalio ya nyota kubwa iliyojiporomokea kwa uzito wake wenyewe, hadi nguvu yake ya mvutano ikawa kubwa kiasi kwamba hata nuru haiwezi kutoka. Likiwa peke yake ni vigumu mno kulitambua. Hujulikana pale linapokuwa na mwenzi, yaani nyota ya kawaida inayozungukana nalo katika mfumo mmoja, kwa sababu gesi inayonyonywa kutoka katika nyota hiyo hulizunguka shimo kwa umbo la sahani, husuguana, hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei, ambayo ni nuru ileile ya kawaida ila yenye nishati kubwa zaidi, isiyoonekana kwa macho. Si gesi yote inayoangukia shimoni. Sehemu yake hutupwa nje katika mikondo miwili myembamba iendayo pande zilizo kinyume, mara nyingine kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, na mikondo hiyo huitwa jeti. Jinsi jeti zinavyozaliwa ni swali lililodumu zaidi ya miaka hamsini, na kwa kuwa hakuna darubini ya eksirei yenye uwezo wa kuitenga sahani na chimbuko la jeti katika mfumo ulio mbali kiasi hicho, jibu limelazimika kutafutwa kwa njia ya mzunguko: kupima mwelekeo ambao nuru yenyewe hutikisika.

Nuru yenye mwelekeo, 1808–1964

Nuru ni wimbi la sumakuumeme, na uga wake wa umeme hutikisika kwa kukingama na njia ya safari yake. Nuru inayotoka moja kwa moja katika Jua hutikisika kila upande bila mpangilio. Mtikisiko ukielemea upande mmoja, nuru hiyo husemwa kuwa imepolarishwa, na kadiri ulivyoelemea hutajwa kwa asilimia. Jambo hili linaonekana hata bila maabara. Mng'ao unaoakisiwa na maji ya Ziwa Burigi mnamo saa tatu asubuhi, wakati Jua lingali limeinama, huwa umepolarishwa kwa kiasi kikubwa, mtikisiko wake ukilala sambamba na uso wa maji, na ndiyo maana aliyevaa miwani yenye kichujio cha upolarishaji huona chini ya maji palipofichwa na mng'ao, na akiinamisha kichwa upande mng'ao hurudi. Adhuhuri, Jua likiwa utosini, miwani hiyohiyo haimfai kitu. Vivyo hivyo, Jua linapozama ng'ambo ya vilima vya mpakani mwa Rwanda na Burundi, anga la utosini mwa mtu aliye Ngara huleta nuru iliyopolarishwa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini, kwa sababu imetawanywa na hewa kwa pembe ya mraba.

Mfaransa Étienne-Louis Malus aliutambua upolarishaji wa nuru iliyoakisiwa mwaka 1808. Karibu karne moja baadaye Charles Barkla wa Uingereza alionyesha kwamba hata eksirei hupolarishwa zikitawanywa, na katika miaka ya 1940 Subrahmanyan Chandrasekhar, mwanafizikia mzaliwa wa Lahore, alikokotoa kwamba nuru itokayo katika gesi iliyojaa elektroni inaweza kupolarishwa hadi karibu asilimia 12 ikitazamwa kwa ubavu. Wanafizikia wa Kisovieti nao walitabiri katika miaka ya 1950, na vipimo vikathibitisha, kwamba elektroni zenye kasi kubwa zinapojizungusha ndani ya uga wa sumaku hutoa nuru iliyopolarishwa. Kutokana na hayo yote yalipatikana mambo mawili ya kutegemewa: nuru iliyotawanywa husimulia umbo la kitu kilichoitawanya, na nuru ya elektroni zilizonaswa na sumaku husimulia mwelekeo wa sumaku hiyo.

Yaliyobaki yalizuiwa na hewa. Angahewa humeza eksirei zote zitokazo mbali, na haikuwezekana kuzipima ila kwa kupanda juu yake. Mwezi Juni 1962 roketi ndogo iliyorushwa kutoka New Mexico na kikundi cha Riccardo Giacconi, Mtaliano aliyehamia Marekani, iligundua chanzo cha kwanza cha eksirei nje ya mfumo wa Jua, na mwaka 1964 roketi nyingine ikakiona kile kilichokuja kuitwa Cygnus X-1. Kila safari ya namna hiyo iliishi dakika chache tu juu ya angahewa. Ilihitajika setilaiti.

Jukwaa la Ghuba ya Ungwana, 1962–1970

Mwaka huohuo wa 1962 Italia na Marekani zilikubaliana kushirikiana katika mradi wa San Marco, uliobuniwa na Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na afisa wa jeshi la anga. Marekani ingetoa roketi aina ya Scout, yenye hatua nne na inayotumia fueli yabisi, na kuwafunza Waitaliano kuirusha; Italia ingetengeneza setilaiti na kutafuta mahali. Setilaiti ya kwanza ya Italia iliruka Desemba 1964 kutoka Wallops Island, Virginia, lakini Broglio alikuwa akiitazama ikweta, na akachagua kusimamisha majukwaa ya chuma, mfano wa yale ya kuchimbia mafuta, katika maji yenye kina kifupi ya Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco 2 iliruka kutoka hapo.

Sababu za kuipenda ikweta zilikuwa mbili, na ya pili ndiyo nzito katika historia hii. Ya kwanza ni kwamba Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi ikwetani, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki huipata kasi hiyo bure. Ya pili inahusu chembe zenye umeme zilizonaswa na sumaku ya Dunia, ambazo katika eneo la kusini mwa Atlantiki, jirani na Brazili, hushuka chini hadi kwenye njia za setilaiti na kuvijaza vipimio vya eksirei ishara za uongo. Setilaiti iliyorushwa kutoka Florida hulipita eneo hilo mara nyingi kila siku. Ile inayozunguka juu ya ikweta hulipita pembezoni tu au hulikwepa. Kwa mtu anayetaka kuhesabu fotoni, yaani vipande vimojavimoja vya nuru, zinazofika chache mno kwa sekunde, utulivu huo una thamani kuliko ukubwa wa roketi.

Uhuru, 1970–1973

Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Scout iliondoka katika jukwaa la San Marco ikiwa na setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa ajili ya elimunyota ya eksirei. Marjorie Townsend, mhandisi aliyeusimamia mradi huo katika NASA, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, ilizunguka Dunia kwa dakika 95 au 96, na ilijigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, vipimio vyake viwili vilivyotazama pande tofauti vikiifagia mbingu.

Njia yake iliinama kwa nyuzi tatu tu kutoka ikweta, kwa hiyo kila ilipokaribia pwani kutoka magharibi ilivuka Kongo na kisha anga la Maziwa Makuu, wakati mwingine kaskazini, juu ya Uganda, na wakati mwingine kusini, juu ya Ngara na Biharamulo zenyewe, ambazo wakati huo zilikuwa katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, jina lililodumu hadi 1979. Mchango wa Afrika Mashariki katika kazi hiyo ulikuwa mahali, wala haifai kuukuza kupita hapo: vipimio vilitengenezwa Massachusetts, na takwimu zilichambuliwa hukohuko. Hata hivyo mahali hapo hapakuwa jambo dogo, kwa kuwa katalogi ya mwisho ya Uhuru iliorodhesha vyanzo 339, ilhali kabla yake vilijulikana makumi kadhaa tu.

Kati ya vyanzo hivyo Cygnus X-1 ndiyo iliyogeuza mambo. Uhuru ilionyesha kwamba eksirei zake hupanda na kushuka katika muda usiofika sekunde moja, na kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kubadilika kizima kwa haraka kuliko nuru inavyokipita, chanzo chenyewe kilipaswa kuwa kidogo kuliko kilomita 300,000, yaani kidogo kuliko nyota nyingi. Kisha, kati ya Machi na Aprili 1971, eksirei zake nyepesi, yaani zenye nishati ndogo, zilipungua ghafla, na katika majira hayohayo darubini za redio za Green Bank nchini Marekani na Westerbork nchini Uholanzi zikaona mahali hapo chanzo cha redio ambacho hakikuwapo awali. Watafiti walilifurahia tukio hilo kwa sababu ya kawaida kabisa, kwamba redio iliwapa mahali sahihi pa kutazama, na hapo wakaikuta nyota kubwa ya buluu iitwayo HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Charles Thomas Bolton mjini Toronto, walionyesha kwamba nyota hiyo huyumba kila siku 5.6 kwa kuvutwa na mwenzi asiyeonekana na mwenye uzito mkubwa mno kuwa kitu kingine chochote isipokuwa shimo jeusi. Matokeo yao yalichapishwa mapema mwaka 1972.

Uzito halisi wa tukio la 1971 ulieleweka baadaye. Redio iliyotokea ilikuwa nuru ya jeti, na kushuka kwa eksirei nyepesi kulimaanisha kwamba sahani ya gesi ilikuwa imebadilika hali. Kwa maneno mengine, Uhuru ilikuwa imerekodi kwa mara ya kwanza kwamba sahani na jeti hubadilika pamoja. Ilichoweza kuhesabu ni fotoni na nyakati zake. Mwelekeo wa mtikisiko wake haikuwa na uwezo wa kuujua.

Miaka ya ukame, 1974–2001

Jukwaa la Ngomeni liliendelea kurusha setilaiti, jumla zikiwa tisa kati ya 1967 na 1988. Mojawapo, Ariel 5 ya Uingereza, iliyoruka tarehe 15 Oktoba 1974, iligundua Agosti 1975 mlipuko wa A0620-00, chanzo ambacho kwa majuma kadhaa kilikuwa king'avu kuliko vyote katika mbingu ya eksirei na ambacho mwaka 1986 kilithibitishwa kuwa mfumo wa nyota na shimo jeusi. Ariel 5 ilibeba pia kipima upolarishaji kilichotumia fuwele, lakini fuwele hukubali sehemu ndogo sana ya fotoni na kuzitupa zilizobaki. Setilaiti ya Marekani OSO-8, iliyoruka Juni 1975, ndiyo iliyofanikiwa kupata kipimo kimoja cha uhakika, asilimia 19 katika Nebula ya Kaa, ambayo ni masalio ya nyota iliyolipuka. Kwa Cygnus X-1 ilipata ishara dhaifu isiyotosha kujengewa hoja.

Baada ya hapo njia ilikauka. Upolarishaji unahitaji fotoni maelfu kwa maelfu ili kuona tofauti ndogo ya mwelekeo, na kila ilipopangwa darubini mpya wapangaji walipendelea picha na spektra, yaani mgawanyo wa nuru kwa nishati zake, ambazo huleta matunda kwa fotoni chache. Kipima upolarishaji kilichotengenezwa kwa ajili ya chombo kimoja cha Kisovieti hakikuruka kamwe baada ya dola ile kuvunjika, na mradi wa NASA uitwao GEMS ulifutwa mwaka 2012. Kwa zaidi ya miaka arobaini elimu hii ilitegemea kipimo kimoja cha OSO-8, na ugumu wa mbinu peke yake hauwezi kuueleza uchelewaji huo. Kulikuwa pia na uamuzi, uliorudiwa kila mara, wa kutolipia jambo lenye faida isiyo ya haraka.

Jeti, kwa upande wake, zilikuwa zikidhihirika kwa njia nyingine. Mwaka 1979 mistari ya spektra ya SS 433 ilionyesha jeti mbili ziendazo kwa asilimia 26 ya kasi ya nuru na zinazoyumba duara kwa mzunguko wa siku 162 hivi. Mwaka 1994 Félix Mirabel na Luis Rodríguez walionyesha mafungu ya gesi ya GRS 1915+105 yakionekana kupita kasi ya nuru, ambayo ni hadaa ya macho inayotokea kitu chenye kasi kubwa kinapoelekea upande wa mtazamaji. Mwaka 2001 darubini za redio zilizounganishwa zikapiga picha ya jeti ya Cygnus X-1 yenyewe.

Malindi yageuka sikio, 1996–2011

Baada ya 1988 hakuna setilaiti iliyopelekwa angani kutoka Ngomeni, lakini kituo cha nchi kavu hakikufa, kwa kuwa setilaiti zinazozunguka karibu na ikweta zinahitaji antena iliyo chini ya njia yake. BeppoSAX ya Italia, iliyorushwa 1996 kutoka Florida, ilipakua takwimu zake Malindi. Zikafuata Swift mwaka 2004, AGILE mwaka 2007 na NuSTAR mwaka 2012. Broglio alifariki Januari 2001, na kituo kikapewa jina lake.

Kazi ya antena haina sifa kubwa katika simulizi za sayansi, ingawa matokeo makubwa hupitia kwake kwanza. Mwaka 2009 watafiti wa AGILE walitangaza kwamba Cygnus X-3, ambayo kitu chake kizito kinadhaniwa kuwa shimo jeusi na ambayo mzunguko wake ni wa saa 4.8 tu, hutoa miali ya gama muda mfupi kabla ya jeti zake kulipuka katika redio. Miaka miwili baadaye setilaiti ya Ulaya INTEGRAL, ambayo haikutegemea Malindi, ilionyesha kwamba miali mizito zaidi ya Cygnus X-1 imepolarishwa kwa kiasi cha asilimia 67, kiwango ambacho gesi inayotawanya nuru haiwezi kukifikia kwa urahisi na ambacho kilihusishwa na uga wa sumaku uliopangika ndani ya jeti.

IXPE na mwelekeo wa jeti, 2021–2024

Kilichovunja ukame ni kipimio kilichobuniwa Italia na kuelezwa mwaka 2001 na kikundi cha Enrico Costa, Ronaldo Bellazzini na wenzao. Fotoni ya eksirei ikiingia katika chumba chembamba cha gesi huing'oa elektroni moja, na elektroni hiyo hupenda kuruka kwa kuufuata mwelekeo wa uga wa umeme wa fotoni. Ikiwa njia yake fupi, isiyofika milimita moja, itapigwa picha, na picha za elektroni laki kadhaa zikilinganishwa, upolarishaji hujitokeza bila fuwele na bila kutupa fotoni nyingi. Vipimio vitatu vya aina hiyo viliwekwa nyuma ya vioo vitatu vya eksirei katika setilaiti ya IXPE, iliyoongozwa na Martin Weisskopf, yule yule aliyekuwamo katika kipimo cha OSO-8. Kila kioo kimefanywa kwa maganda 24 yaliyovikana ya aloi ya nikeli na kobalti.

IXPE iliruka kutoka Florida tarehe 9 Desemba 2021, na roketi yake ilitumia nguvu nyingi kuipindisha njia hadi ikalala juu ya ikweta yenyewe, kwa kimo cha kilomita 600, kwa sababu ileile iliyomleta Broglio Ngomeni. Kituo chake kikuu cha kupokea takwimu ni Malindi. Huizunguka Dunia kwa dakika 96 hivi, na katika kila mzunguko hupita juu ya Uganda na upande wa kaskazini wa Ziwa Viktoria, umbali usiofika kilomita 300 kutoka mji wa Ngara, na huanza kuwa juu ya upeo wa Malindi ingali juu ya Kongo.

Mwezi Mei 2022 IXPE iliitazama Cygnus X-1 kwa siku kadhaa. Eksirei zake zilikutwa zimepolarishwa kwa asilimia 4, na mwelekeo wa mtikisiko ulikuwa sambamba na jeti inayoonekana katika redio. Maana yake inahitaji hatua moja ya hoja. Eksirei hizo hutoka katika wingu la elektroni zenye joto kali liitwalo korona, na nuru inayotawanywa ndani ya gesi iliyotandazwa bapa hutoka ikitikisika kwa kukingama na ubapa huo. Kwa hiyo mtikisiko ulio sambamba na jeti hudai korona iliyotanda pamoja na sahani, si iliyosimama kama nguzo ndani ya jeti, na dhana iliyoiweka korona katika mguu wa jeti ilipata pigo. Asilimia 4 nayo ilizidi matarajio, ikidokeza kwamba sehemu ya ndani ya sahani inaonekana kwa ubavu zaidi kuliko mzunguko wa mfumo wenyewe.

Mifumo mingine haikutii kwa urahisi huo. Cygnus X-3 ilitoa zaidi ya asilimia 20, tena kwa kukingama na jeti, na watafiti wakahitimisha kwamba kiini chake kimefichwa ndani ya faneli nyembamba ya gesi, hivyo kinachofika kwetu ni nuru iliyoakisiwa na kuta zake. Katika 4U 1630-47, ambayo herufi zake za mwanzo ni za katalogi ya nne ya Uhuru, upolarishaji ulikuwa karibu asilimia 8 na ulipanda pamoja na nishati, jambo ambalo sahani ya kawaida ya vitabuni hailiwezi.

Mwishoni mwa Agosti 2023 mfumo mpya, Swift J1727.8-1613, ulilipuka, na kwa mara ya kwanza mlipuko mmoja ukafuatiliwa kwa vipimo vya upolarishaji tangu karibu na mwanzo wake. Ulianza na asilimia 4, sambamba na jeti iliyoelekea kaskazini na kusini. Sahani ilipotawala na jeti kufifia, upolarishaji ulishuka chini ya asilimia moja. Mwaka 2024, mfumo ulipofifia na kurudi katika hali ya jeti, upolarishaji ulirejea kwa kiwango na mwelekeo karibu ule wa awali, ijapokuwa mng'ao ulikuwa mdogo mara nyingi. Badiliko ambalo Uhuru ililirekodi mwaka 1971 kwa kuhesabu fotoni tu sasa limepewa umbo: korona bapa huonekana na kutoweka pamoja na jeti. Kama korona ndiyo inayoilisha jeti, au kama vyote viwili hutii uga mmoja wa sumaku ulio ndani zaidi, ni swali ambalo vipimo hivyo bado havijalitenga, na IXPE imeendelea kuzitazama mbingu ikilitafutia jibu.